Kibati Namba Tisa

Jumamosi nyumbani kwa Redio haikuwahi kuanza kimya kimya. Kabla ya saa moja asubuhi sebule ilikuwa imeshajaa. Baiskeli nne zilining'inia darini kwa kulabu, ya tano imepinduliwa magurudumu juu katikati ya chumba, na mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amepiga goti mbele ya beseni la maji akizamisha tyubu ili aone mapovu yatatokea wapi. Jirani aliyekuja kuazima koleo alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa na habari za ndoa ya mtu, na habari zenyewe zilikuwa ndefu.

Redio alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa kwa sababu akishaanza kuongea hukioni kitufe cha kumzimia. Binamu yake, mtoto wa shangazi yake, aliitwa Pancha, maana hajawahi kumaliza wiki bila kupasua tyubu.

"Shikamoo, mama," Pancha alisema alipoingia, akiikokota baiskeli yake nyekundu.

"Marahaba. Leo umepasua ya mbele au ya nyuma?"

"Leo hata moja, mama. Nimekuja kusalimia tu."

"Basi subiri, siku bado changa," alisema Fundi, na jirani akacheka mpaka koleo likamponyoka.

Watoto hawa wawili walikuwa na kazi yao ya Jumamosi. Baba Mdogo wa Redio, ambaye kwa Pancha ni mjomba, alikuwa mwongozaji wa wageni waliokuja kuitembelea volkano. Yeye alitangulia mbele, na watoto walifunga msafara nyuma, wakihakikisha hakuna mgeni anayebaki njiani. Siku hiyo wageni walikuwa sita.

Kwenye geti la mlima aliketi Shangazi, mama yake Pancha. Nyuma ya kiti chake palikuwa na ubao wenye misumari ishirini, na kwenye kila msumari kibati, yaani kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo la mafuta na kutobolewa namba. Anayepanda huchukua kibati akakivaa shingoni. Akishuka hukirudisha kwa mkono wake. Msumari mtupu maana yake kuna mtu bado yuko mlimani. Saa kumi jioni, ukungu unapokaribia kushuka, Shangazi huutazama ubao. Ukiwa umejaa, hufunga geti kwa kufuli. Pakiwa na msumari mtupu hata mmoja, hupiga kengele, na waongozaji wote hurudi juu kutafuta.

Redio alichukua kibati namba nane, Pancha namba tisa, wakavaa kofia ngumu za baiskeli.

Walipanda kwa baiskeli wakikatiza uwanda wa mawe meusi, lava iliyopoa zamani ikaganda mikunjo mikunjo kama nguo iliyokamuliwa. Tairi zilitafuna kokoto. Kwenye kibanda cha mapumziko waliziacha baiskeli wakaendelea kwa miguu, hatua mbili mbele, moja nyuma, kwa sababu changarawe zilikuwa zikiteleza. Kileleni, kasoko ilifunguka ghafla mbele yao: shimo kubwa ambalo hata kijiji kizima kingeingia na nafasi ikabaki, na mvuke ukipanda kutoka kwenye nyufa zake. Mgeni mmoja, aliyekuwa akilalamika tangu chini, alikuwa wa kwanza kuinama kuchungulia.

Wakati wa kurudi, Baba Mdogo aliwaonyesha kwa mbali mteremko mpana wa majivu uliozungushiwa kamba.

"Pale hapapitwi," alisema. "Chini yake kuna shimo la hewa mbaya. Hewa hiyo inatoka ardhini, ni nzito kuliko hii tunayovuta, kwa hiyo inatuama humo kama maji kwenye beseni. Haina harufu, haina rangi. Ukiinama kuokota kitu, huinuki."

Kibandani walipanda tena baiskeli zao. Walipofika kwenye njia panda, penye jiwe lililopasuka, Pancha alisubiri wageni wakate kona, kisha akavua kibati chake.

"Shika. Kanitundikie."

"Una wazimu wewe? Mama yako atatumeza wazima wazima."

"Atajuaje? Nakata hapa juu kwa juu kwenye majivu, natokea nyuma ya nyumba yenu. Ukifika utanikuta nimenawa uso, nimekaa kama bwana harusi."

"Umemsikia mjomba wako lakini."

"Kasema shimo. Mimi nitapita juu ya shimo. Halafu wewe, Redio, si unataka la kusimulia? Nani mwingine mtaani amepita pale?"

Hapo ndipo alipomshika. Redio aliiona sebule imejaa watu, wote wamemgeukia. Akakipokea kibati. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Getini, Baba Mdogo alikuwa ameinama kunyoosha gurudumu la mgeni. Redio alitundika namba nane, kisha haraka akatundika namba tisa.

"Pancha yuko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Amepita nyuma, shangazi. Kiu imemshika, amekimbilia kwetu kunywa maji."

"Huyo na maji yake," alisema Shangazi. Saa kumi ilipofika akautazama ubao, msumari kwa msumari. Umejaa. Akafunga kufuli, akachukua mkoba wake, wakaongozana kwenda kwa Fundi kunywa chai.

Pancha hakuwa amekaa kama bwana harusi. Hakuwa sebuleni, wala uani. Redio alikwenda nyuma ya nyumba mara tatu, akarudi akasema, "Yuko njiani huko, anachezea tairi." Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa Pancha daima alikuwa na tairi la kuchezea. Chai ikamiminwa. Jirani akamwomba Redio awasimulie visa vya wageni. Akaanza, akafika katikati, na kwa mara ya kwanza maishani akasahau kisa kinaishia wapi.

Saa kumi na nusu aliingia Mpima Miamba, mama mmoja aliyefanya kazi kwenye kituo cha kilima kinachotazamana na mlima, akipima joto la ardhi. Alikuwa anahema.

"Fundi, nisaidie. Nimeona baiskeli kwa darubini, imelala ndani ya shimo la hewa mbaya. Nyekundu. Kitini ina kitambaa cha manjano. Ni ya nani?"

"Ya zamani hiyo," alisema Baba Mdogo. "Watu wote wameshuka."

"Kitambaa cha manjano nilikifunga mimi," Shangazi alisema polepole. "Jana." Kisha akajijibu mwenyewe. "Lakini kibati chake kipo. Nimekiona kwa macho yangu."

"Basi imeibiwa," alisema jirani. "Siku hizi watu hawana haya."

"Au ameiazimisha," alisema Fundi. "Unamjua Pancha."

Kila mmoja alileta lake, na kila moja lilikuwa zuri kuliko ukweli. Redio aliwatazama. Angekaa kimya tu, maneno hayo yangembeba. 

"Kibati nilikitundika mimi," alisema. "Alinipa kwenye njia panda. Hakupita nyuma. Sikumwona tena."

Shangazi alitaka kuweka kikombe mezani. Alikiweka pembeni ya meza, mahali pasipo na kitu, kikaanguka kikavunjika vipande, na hakuna hata mmoja aliyekitazama.  Ndani ya beseni, tyubu iliyoachwa ikaendelea kutoa mapovu.

"Saa ngapi?" Baba Mdogo aliuliza.

"Saa tisa na nusu."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha Redio kuliko yote. Alichukua kamba, akachukua taa ya mafuta, akamwambia, "Panda baiskeli. Utanionyesha mahali penyewe." Nyuma yao kengele ya geti ilianza kulia. Shangazi alikuwa anaipiga kama mtu anayepigana nayo.

Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye jiwe lililopasuka. Alama ya tairi ilionekana kwenye majivu, mstari mmoja mwembamba, ukaanza kuyumba, ukapanuka pale mtu alipoburuza mguu apate kusimama. Kisha ile kamba ya kuzuia watu, imekatika. Kisha hakuna kitu, ukingo wa shimo tu.

Redio alikimbia. Baba Mdogo alimdaka ukosi wa shati.

"Tunakufa wangapi leo? Simama hapa."

Aliwasha taa, akaifunga kwenye kamba, akaiteremsha shimoni taratibu. Mita moja, moto uko sawa. Mita moja na nusu, ukawa mdogo kama punje. Mita mbili, ukazimika. Hapakuwa na upepo. Walichungulia. Chini kabisa ilikuwapo baiskeli nyekundu, na kando yake ndege wawili, wamelala ubavu, hawana jeraha lolote.

Walimwita Pancha. Walimwita tena. Redio alikuwa analia bila sauti, na kama si hivyo wasingesikia: tok, tok, jiwe juu ya kofia ngumu. Sauti ilitoka upande wa juu, nyuma ya mwamba.

Pancha alikuwa ameegemea pale, midomo imepauka, mguu wa kulia umepinda isivyopaswa mguu kupinda. Baba Mdogo alimkumbatia kwanza, kisha akaupapasa mguu, kisha akavua koti lake akamfunika.

"Baiskeli ilitumbukia, mimi nikaangukia ukingoni," Pancha alisema kwa sauti ndogo. "Nikashuka hatua tatu niifuate. Kichwa kikazunguka, nikaanguka kinyumenyume, mguu ukavunjika. Nikarudi kwa kutambaa." Akameza mate, akamtazama Redio. "Nikajiambia, tulia, saa kumi mama ataona msumari mtupu, watakuja. Nikatulia. Halafu nikakumbuka kwamba kibati nimekupa wewe."

Redio aliketi kando yake, akamshika mkono.

Waongozaji wengine walifika na machela, wakambeba mpaka zahanati. Daktari alisema mfupa umevunjika mahali pamoja tu, utaunga. Alisema pia kwamba mtoto ambaye angelala kwenye ubaridi ule mpaka asubuhi asingefika kwake akiwa anaongea.

Kesho yake sebule ilijaa kuliko siku yoyote. Pancha alilazwa kwenye kochi, mguu na plasta yake vimeinuliwa juu ya mto. Jirani alikuwa wa kwanza kufika, na alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Haya, Redio," alisema, "tusimulie. Anzia pale mlipoiona taa inazimika."

Redio alisimama. Alizitazama zile nyuso zote zilizomgeukia, kama alivyoziona jana pale njia panda.

"Haianzii hapo," alisema. "Inaanzia getini, niliposema uongo."

Akasimulia hivyo, tangu kibati mpaka kiu ya bandia, mpaka safari zake tatu za kwenda nyuma ya nyumba huku anajua Pancha amepita kwenye majivu. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, Shangazi, aliyekuwa ameketi miguuni pa mwanawe, alimvuta mkono akamkalisha karibu yake.

"Jana uliniambia uongo mmoja na kweli moja," alisema. "Ule uongo ulimlia mwanangu nusu saa nzima. Ile kweli ilimrudisha. Nimekusamehe kwa sababu uliisema wewe mwenyewe, wakati watu wazima tulikuwa tumeshakutafutia pa kujificha. Lakini sikia, na wewe mwenye mguu sikia. Mtu akitundika kibati, anasema, 'Nipo, nimefika salama.' Hakuna anayeweza kumsemea mwenzake hilo kama hamwoni. Ulidhani unamfichia rafiki kosa. Ulimfichia hata njia ya kuokolewa."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimeshasema nimekusamehe. Na ukijua umekosea, usingoje kuulizwa mara ya pili. Ulipokwenda nyuma ya nyumba mara ya kwanza ukakuta hakuna mtu, hapo hapo ndipo pa kusema."

"Na mimi, mama?" Pancha aliuliza kutoka kwenye mto.

"Wewe nakusubiri upone," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu jana watu wakacheka kidogo.

Lakini yeye hakucheka. Alisimama, akachukua mkoba wake, kwa sababu saa ya kufungua geti ilikuwa imekaribia na wageni wa siku hiyo walikuwa njiani. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Na kosa langu pia mlijue, msije mkadhani wakubwa hawana," alisema. "Kuanzia leo kila anayeshuka atasimama mbele yangu nimwone uso, hata wageni wakinung'unika. Jana nilihesabu vibati, vikatimia. Mtoto wangu sikumhesabu."