Kopo la Tatu

Mtaani pale hapakuwa na mtu aliyejua siasa kumshinda kinyozi. Angalau yeye mwenyewe aliamini hivyo. Wateja walimwita Masharubu, kwa kuwa alikuwa na masharubu mazito, meusi, aliyoyachonga ncha kila asubuhi kwa mkasi mdogo. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma ya ukuta wa matofali, katika chumba cha pili, mkewe alisuka nywele. Kinyozi alikuwa na mlango wake, msusi na wake, na wateja wao hawakukutana.

Kila uchaguzi wa rais ulipokaribia, Masharubu aliweka makopo mawili ya rangi chini ya kioo. Moja lilikuwa la Kofia na jingine la Miwani. Ndivyo watu walivyowaita wagombea wa vyama viwili vikubwa. Mteja akimaliza kunyolewa, alitumbukiza kizibo cha soda katika kopo alilolitaka. Chaguzi tatu mfululizo makopo hayo yalitabiri mshindi. Basi kichwa cha Masharubu kikavimba.

Mwaka huu alijitokeza mgombea wa tatu. Alikuwa mwanamke, daktari wa mifugo. Hakuwahi kuwa mbunge wala waziri, na hakuwa na chama. Watu walimwita Daktari wa Ng'ombe, wengine kwa kumdhihaki, wengine kwa kumpenda.

"Mbona huyo hana kopo?" mkewe aliuliza siku moja alipoingia kuazima kitana.

"Kopo la nini? Huyo ni msindikizaji tu. Akishinda, nayanyoa masharubu haya mbele ya mtaa mzima."

Benchi lote la wateja likacheka. Msusi hakucheka.

"Nimesikia," alisema, akaenda zake na kitana chake.

Siku ya kupiga kura ikafika. Msusi na mama mkwe wake waliamka mapema, wakachukua vitambulisho vyao. Masharubu alikuwa akifungua duka kama kawaida. Kofia ndiye aliyekuwa mtu wake, na kopo la Kofia lilikuwa limejaa pomoni. Mama yake akamwambia waongozane.

"Mama, Kofia ameshashinda. Kura yangu moja itaongeza nini?"

"Haba na haba hujaza kibaba," mama alimjibu. "Wewe mwenye makopo hulijui hilo?"

Hakwenda. Na wateja wake wengi hawakwenda. Walishinda kwenye benchi lake wakinyolewa na kushangilia bao ambalo halijafungwa.

Siku ya pili yake redio ikatangaza matokeo. Daktari wa Ng'ombe alikuwa wa kwanza. Miwani alikuwa wa pili. Kofia alikuwa wa tatu, nyuma ya Miwani kwa kura elfu mbili tu. Kwa kuwa hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura zote, wawili wa juu wangerudiana baada ya wiki tatu. Masharubu alizima mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Benchi zima likasema kura zimeibwa. Masharubu alisikia uchungu hasa, kwa maana jina lake la utabiri lilikuwa linakwenda na maji.

Akatoka, akazunguka nyumba, akaingia kwa mkewe. Alikuta wanawake wanne wanasukwa. Mmoja alikuwa jirani yao, karani wa kituo cha kupigia kura. Masharubu akamwaga hasira zake zote kwake.

"Kaa kwanza, shemeji," karani alisema. Hakuweza kugeuza shingo, nusu ya kichwa ilikuwa mikononi mwa msusi. "Tulipohesabu, mawakala wa wagombea wote walikuwapo, na wa Kofia pia. Wote walitia saini. Fomu ya matokeo imebandikwa mlangoni mwa kituo mpaka leo, nenda kaisome. Sasa na mimi nikuulize. Wewe ulipiga kura saa ngapi?"

Masharubu akatazama sakafu.

"Jibu, baba watoto," mkewe alisema.

"Sikwenda."

"Na watu wa benchi lako?"

Masharubu akavuta kigoda, akakaa.

Karani akamweleza taratibu. Kituoni kwao, watu mia mbili walioandikishwa hawakutokea, na wengi walidhani mambo yameshakwisha. Kizibo kwenye kopo si kura. Tena walioandikishwa kwa mara ya kwanza mwaka huu walikuwa wengi, na hao hawakuwa na mazoea na chama chochote. Watu wengine walichoka kusikia ahadi zilezile za maji kutoka vyama vilevile. Daktari alikwenda mpaka kwenye visima vilivyokauka, akauliza, akasikiliza. Ndiyo maana mtu asiyejulikana mjini aliwapita wakubwa.

"Lakini wateja wangu hawakumtaja hata siku moja," Masharubu alisema.

"Wateja wako ni wanaume wa mtaa mmoja," mkewe alisema. "Humu ndani ametajwa miezi minne. Ulitenganishwa na habari kwa ukuta mmoja tu, mume wangu."

Wanawake wakaangua kicheko. Masharubu aliona haya, kisha kicheko kikamshinda na yeye.

Siku ile ile aliyaondoa makopo. Kwa wiki tatu benchi lilisikiliza wagombea wote wawili redioni, likabishana juu ya maneno yao badala ya majina yao. Siku ya duru ya pili, mlango wa kinyozi ulifungwa. Masharubu alisimama foleni tangu alfajiri, mama yake mbele, benchi lake zima nyuma. Alimchagua nani? Aliulizwa sana, akasema hiyo ni siri yake na sanduku.

Daktari wa Ng'ombe akashinda. Mtaa ukajaa nderemo. Masharubu akatoa kiti nje, akakaa, akamkabidhi mkewe wembe. Ahadi ni deni. Masharubu yakaanguka, watu wakapiga makofi, na mama yake akamshika shavu.

"Kumbe una mdomo wa baba yako," alisema, akacheka huku akifuta machozi.

Karani aliwakumbusha kwamba ugeni ulimpa Daktari kura, haujampa uzoefu. Atapimwa kwa kazi. Basi kinyozi akatafuta kopo jipya, la tatu. Humo wakaweka ahadi za Daktari, zimeandikwa kwenye vipande vya karatasi, ili wazifuatilie moja moja.

Mwezi uliofuata fundi mwashi alitoboa mlango katika ukuta wa matofali. Asubuhi ya kwanza mteja alikaa kitini, akauliza kama zamani, "Haya bwana, uchaguzi wa wabunge atashinda nani?"

Kinyozi alifungua mdomo wake mpya. Kisha akaufunga, akageukia ule mlango.

"Jamani huko," aliita, "nyinyi mnaonaje?"