Kangaga Dukani kwa Mzee Hashil

Soko la Chake lilikuwa limefurika, mwaka wa hamsini na tisa, karafuu zimezaa na kila mtu ana cha kununua. Time binti Kificho alikuwa ametoka kwao Vitongoji na pakacha la mchicha. Kavaa kanga za zambarau, mpya, hazijaingia maji, na juu ya mchicha katandaza magugu mabichi ya bondeni usinyauke kwa jua. Kijana mwenye kanzu nyeupe na kofia ya viua akasimama mbele yake. Mchicha hakuutazama.

"Bibiye, hilo gugu unauza?"

Time akampima juu mpaka chini. "Kwenu mnakula magugu?"

"Si la kula. La samaki."

"Samaki gani huyo anayepikwa kwa magugu?"

"Hapikwi. Anaishi, ndani ya kioo, dukani kwetu. Njoo umwone kama hunisadiki."

Wanunuzi wakacheka. Time naye akacheka, na hapo ndipo Hamood bin Hashil alipokwisha. Maskini, yeye alikuja kutafuta gugu tu.

Tangi hilo la kioo aliletewa na mjomba wake kutoka Mombasa, likawekwa mwisho wa kaunta, karibu na majora ya kitambaa cha bafta. Gugu lenyewe ni kangaga la maji, lile laini linalowatoa jasho wanawake kwenye mabonde ya mpunga, majani yamechanikachanika kama kotmiri. Basi kila siku ya soko Hamood alikuwa na sababu ya kutaka jingine, na Time alikuwa na sababu ya kupita dukani. Alikuja na shangazi yake, Bi Mwanawema, ambaye akishika kanga mkononi husahau dunia.

"Mbona unaliacha linaelea?" Time aliuliza siku moja, kwa sauti ya chini.

"Hili halina makuu. Likielea linakua. Ukilipanda mchangani linakua vilevile, mradi usilifukie shina, litaoza."

"Na wewe je? Unaelea au umeshika chini?"

Hamood akainama. "Naelea, roho yangu. Mama hataki kusikia. Lakini siku akikubali nitalipanda hili. Njoo mwisho wa Ramadhani, siku za kununua nguo za sikukuu. Ukiliona limeshika mchangani, wazee wanakuja kwenu. Ukiliona linaelea, basi usinisubiri."

"Usinichezee, Hamood."

"Wallahi sikuchezei."

Bi Zuweina, mamake Hamood, alikaza roho miezi na miezi. "Wanawake wote waliojaa mjini, wewe ukaangukie bonde la mpunga?" Hamood hakubishana naye. Alikonda tu, kanzu zikawa zinampwaya, mpaka mwezi wa Shaabani mama akashindwa. "Mchukue basi, usije ukanifia." Mzee Hashil akasema mfungo ukisha watakwenda Vitongoji, kwani posa ya mchana wa Ramadhani haina kahawa wala halua. Hamood akakimbilia dukani, akakunja mikono ya kanzu, akalipanda kangaga kwa vidole vyake.

Likashika. Lilishika vizuri mno, na hiyo ndiyo balaa yenyewe. Majani makuukuu ya kangaga hili huzaa: pembeni huchipua vitoto, vikakatika, vikapanda juu ya maji. Hamood aliviona akafurahi, samaki wamepata kivuli. Kufikia mwisho wa mfungo maji yote juu yalikuwa kijani kitupu.

Time akaja. Duka halina pa kutia mguu, watu wanagombea poplini, Hamood yuko juu ya ngazi anashusha majora. Alimwona, akamtupia tabasamu la mtu mwenye habari njema. Time akachungulia tangi juu ya mabega ya watu. Kangaga linaelea. Linaelea, na yeye anacheka.

"Twende, shangazi."

"Na kitambaa?"

"Sikitaki tena."

Mtasema angeuliza. Mwari wa Vitongoji aulizie posa yake mwenyewe katikati ya duka? Angekufa kwanza. Alirudi kwao na moyo unamuuma kama kidonda, na sikukuu ilipopita wakaja wazee wa Shaame, mtoto wa ami yake. Bi Mwanawema akatumwa chumbani kumuuliza. Time akanyamaza. Kwetu mwari akinyamaza karidhia, na vigelegele vikapigwa. Akaozwa Ijumaa. Jumamosi Mzee Hashil na wenzake wakafika na halua yao, wakakuta majamvi ya harusi hayajakunjwa.

Masika yalipoanza Bi Mwanawema alitaka kanga, na Time akamfuata dukani ndani ya buibui jeusi la mke wa mtu. Hamood alikuwa amekonda tena.

"Ulinichoka?" akauliza.

"Wewe ndiye uliyesema likielea nisikusubiri."

Hamood akautia mkono majini na kanzu yake, akavisukuma kando vile vya juu. Chini lilisimama kangaga kubwa, mizizi imeung'ang'ania mchanga.

Time alitazama mpaka macho yakajaa. "Na hivi vya juu?"

"Watoto wake. Mbona hukuuliza, Time?"

"Ningeulizaje, Hamood?"

Wote wawili walijua hangeweza. Nje Bi Mwanawema akaita.

"Nipe kimoja," akasema Time.

"Utakiweka wapi? Kwa Shaame kuna kioo?"

"Bondeni."

Hamood akamfungia kitoto kimoja ndani ya kipande cha bafta kilichotiwa maji. Hawakuagana, watu walikuwa wanatazama.

Mwaka huo, wakati wa kupalilia, wanawake wa bondeni waliona pembe moja ya mpunga wa Time imeachwa bila kupaliliwa, kangaga limejaa tele. Mama mkwe akamwita mvivu mbele ya wote. Time akaendelea kupalilia upande wa pili.