Jongo Si Jongoo

Mtupa jongoo hutupa na mti wake, walisema wahenga. Mwenye jongo je, atupe nini, na mguu ni wake?

Kila asubuhi Kitindamimba, msichana wa miaka kumi na miwili, alifuatana na kaka yake hadi karakana ya ushonaji, kisha akaendelea shuleni. Kaka alikuwa na miaka ishirini na minne, na cherehani yake ya kukanyaga ndiyo iliyowalisha nyumbani.

Siku hiyo kaka hakuinuka. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Shuka lilipokigusa tu, aliuma mto ili mama asimsikie.

"Ni lile jongo," alisema akihema. "Nilijiona mzima nikaacha dawa. Kimbia kwa Fundi Mkuu, umwambie nina jongo. Usiongeze, usipunguze."

Kitinda alifika karakanani akitweta. Mafundi walikuwa wameinamia sare za shule zilizotakiwa jioni hiyo.

"Kaka haji leo. Ana jongo."

"Ana jongoo?" mpiga pasi alidakia. "Kamfuga wapi, mfukoni?"

"Anamvisha viatu!" fundi wa vifungo akasema. "Mpaka amalize miguu yote ile, itakuwa mwakani!"

Karakana nzima iliangua kicheko. Kitinda alijua wamesikia vibaya. Lakini alijua pia kwamba mtaani jongo huitwa ugonjwa wa wazee walafi. Aliona aibu kuwasahihisha, akacheka nao.

Fundi Mkuu hakucheka. "Mimi nina sare, yeye ananitumia mzaha! Mwambie asirudi."

Nyumbani Kitinda alisema, "Wamekupa pole." Uongo huo ulilala naye siku tatu.

Siku ya nne kaka alijikongoja hadi kazini, ndala ameikata mbele ili kidole kipate nafasi, mkono begani kwa Kitinda. Kwenye cherehani yake alikuwa ameketi mtu mwingine.

"Mfuga jongoo huyo!" mpiga pasi alisema.

Kitinda alimtazama kaka yake, kisha akawageukia mafundi.

"Ni jongo," alisema kwa kilio. "Ni ugonjwa. Nilijua mmekosea, nikacheka."

Fundi Mkuu aliinama akakitazama kile kidole.

"Marehemu baba yangu alikuwa nalo. Lakini wewe, kijana hivi?"

"Halichagui, mzee. Uchafu wa damu unaganda kwenye kiungo kama vipande vya chupa. Ninatakiwa kunywa dawa kila siku, hata nikijisikia mzima."

Fundi Mkuu alisogeza kiti kwenye meza ya kukatia vitambaa. "Hapa hapakanyagwi kitu. Kaa." Kisha akamgeukia Kitinda. "Mwanangu, hata kicheko husema uongo. Mimi nilimfukuza kaka yako kwa kutojua. Wewe ulijua."

Kitinda alimshika kaka mkono, akamwongoza hadi kwenye kiti.

"Nawe," Fundi Mkuu alimwambia kaka, "waombe radhi wenzako. Wameshona sehemu yako siku zote hizi."

Kaka aliketi taratibu, akashika mkasi.

"Kuwashukuru, nitawashukuru mmoja mmoja, mzee. Kuomba radhi kwa kuumwa, siombi."