Nitwike, Mwanangu

Magharibi ilinikuta njiani, natoka kuangalia ufuta wetu Chiola. Bibi mmoja nisiyemjua alisimama kando ya gunia lake.

"Nitwike, mwanangu."

Huku kwetu mtu akikuomba umtwike, humuulizi kwao wapi. Nikalinyanyua, nikamwekea kichwani. Lilikuwa jepesi, limejaa makapi. Lakini harufu yake... udongo wa kaburi jipya.

"Na mimi nitakutwika," akanong'ona.

Nikadhani ananishukuru. Mjinga mimi!

Tangu hapo kila nilichofanya mchana kilirudi ndotoni. Kisima kilekile, majirani walewale, hata kikohozi cha mwenye duka. Ila gunia lilikuwa kichwani kwangu, na lilikuwa zito, na bibi yule alinifuata nyuma. Asubuhi shingo haigeuki. Makapi tele nyweleni.

"Nani atanitua?" nilimlilia ndotoni.

"Yeyote uliyeonana naye mchana. Akubali mwenyewe."

Basi nikamchagua Mwamina, mke mwenzangu, mnafiki asiyechoka kunisema sokoni. Nilishinda kwake Mkotokuyana nikimsaidia kupepeta, nikimchekea mpaka mashavu yakauma. Raudha, binti yangu wa miaka saba, nilikuwa naye.

Usiku ua wa Mwamina ukarudi, na ungo wake, na kuku wake.

"Mwenzangu, nitue."

Akakunja mikono. "Ng'o! Jitue mwenyewe."

Bibi akacheka... taratibu.

"Mama, nipe mimi."

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo haukufunguka.

Vidole vidogo vikashika gunia.

Asubuhi shingo yangu ilikuwa nyepesi. Raudha aliamka kichwa kimelalia bega, makapi nyweleni. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mtoto huyu nampenda kuliko roho yangu, na mimi ndiye niliyempeleka kule.

Kutwa nikamfungia ndani, asionane na mtu ila mimi. Nikamfundisha kama sala: "Ukiniona ndotoni, sema, mama nitue. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akalala. Nikakaa pembeni ya kitanda, nimemshika mkono. Muda si muda shingo yake ikaanza kukakamaa. Harufu ile ikaingia chumbani.

Midomo yake ikacheza.

"Sema, Raudha," nikamnong'oneza. "Sema, mama nitue."

Akatega sikio, kama anayesikiliza mtu mwingine. Kisha akanibana mkono kwa nguvu, akatikisa kichwa.

"Hapana, bibi," akasema usingizini. "Huyu mama simjui."