Ubani Chini ya Dirisha

Kila siku baada ya alasiri, watoto wa madrasa ya Mwalimu Mwanaharusi, pale Kionga, walikusanyika uani kwake kufanya mazoezi ya kaswida. Carimo alipiga dufu, wenzake waliitikia, na mbele yao alisimama Sumaia, msichana wa miaka kumi na miwili, akiongoza. Sauti yake ilikuwa kali na tamu, wala hakuwahi kuiandaa hata siku moja. Alifika mbio kutoka kisimani, akafungua kinywa, akaimba. Watu walimsifu, naye sifa alizipenda kwelikweli.

Halafu akaja Nasrin.

Nasrin alitoka Mtwara, ng'ambo ya mto Ruvuma, akaja kukaa na shangazi yake aliyeuza vitenge. Kabla ya kuimba, msichana huyu alijitenga pembeni. Alipiga miayo. Alifumba mdomo akavuma "mmm", akianzia chini na kupanda polepole. Kisha akatetemesha midomo, "brrrr", mate yakimrukia kidevuni.

"Haya, pikipiki imewaka!" Carimo alipiga kelele. "Pandeni, tunakwenda Palma!"

Watoto walicheka hadi wakashika mbavu, na Sumaia alicheka kuliko wote. Lakini Nasrin alipoanza kuimba, kicheko kilimkauka Sumaia. Sauti ya yule mgeni ilipanda juu bila kukwaruza, ikatua, ikapanda tena. Hata Carimo alisahau dufu lake.

"Umejifunza wapi, mwanangu?" Mwalimu Mwanaharusi aliuliza.

"Kwa mwalimu wetu wa kule. Alitukataza kupandisha sauti kabla hatujaipasha moto. Alisema koo linaumia."

"Basi jaribuni nanyi," Mwalimu aliwaambia wengine.

"Mimi hapana," Sumaia alijibu. "Sauti yangu si kiporo hata ipashwe moto."

Wenzake wakaangua kicheko tena, ila Mwalimu hakucheka. Aliwaambia kwamba siku ya Maulidi watakuja wageni kutoka Palma, na wageni hao watachagua mtoto mmoja wa kuongoza kaswida kwenye Maulidi makubwa ya huko. Sumaia ataimba kwanza, Nasrin atafuata.

Tangu hapo Sumaia hakuwa na raha. Wivu ulimkaba. Nasrin akisifiwa, yeye anafura. Nyumbani nako, jamani, hakupona: mama yake alikuwa akikuna nazi huku akisema, "Yule mtoto wa Mtwara, mashaallah, ana sauti!"

"Nasrin, Nasrin! Hata hapa nyumbani?" Sumaia alifoka, akatoka nje analia.

Asubuhi ya Maulidi, Mwalimu alimpa Sumaia kazi ya kufukiza ubani ili uwanja unukie kabla ya wageni kufika. Sumaia alikuwa akipuliza makaa kwenye chetezo aliposikia, kutoka chumba cha nyuma cha nyumba ya Mwalimu, ile "mmm" aliyoichukia. Nasrin alikuwa peke yake mle ndani, anajiandaa.

Sumaia akatazama huku na huku. Hakuna mtu. Akakibeba chetezo, akakiweka chini ya dirisha la chumba kile, akamimina ubani wote uliobaki.

"Ngoja tuone pikipiki itawaka vipi leo," alinong'ona.

Moshi ukafuka. Akainama kupuliza, akapuliza tena, macho yakimchuruzika machozi, moshi mwingine akiumeza mwenyewe. Ndani, Nasrin alianza kukohoa. Sumaia alifurahi. Naam, alifurahi, kwa nini tumfiche?

Punde wageni wakaingia, na Mwalimu akamwita Sumaia. Alikwenda mbio hadi mbele, koo likimwasha. Hakunywa hata tone la maji. Ubeti wa kwanza ulianza vizuri, lakini alipopandisha sauti, ilimpasuka, ikatoka pumzi tupu. Alijaribu kuilazimisha, koo likamchoma, sauti ikapotea kabisa. Dufu likabaki linalia peke yake. Wageni wakatazamana.

Hapo Nasrin aliinuka, macho mekundu. Baada ya kukohoa sana alikuwa ametoka katika chumba kile, akanywa maji ya vuguvugu, akavuma taratibu mpaka koo likafunguka. Sasa aliupokea ubeti pale Sumaia alipouachia, kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida yake. Watoto wakaitikia, na kaswida ikafika mwisho salama.

Wageni walipokwenda kula, Mwalimu aliwaita wale wasichana wawili.

"Mbona nyote mna makoo mabaya leo?"

"Moshi tu, Mwalimu," alisema Nasrin. "Nadhani upepo uliuleta chumbani."

Sumaia angeweza kunyamaza, mambo yakaishia hapo. Lakini maneno yale ya Nasrin yalimuuma kuliko koo lake. Nasrin hakumshuku hata kidogo!

"Si upepo," alinong'ona kwa shida. "Ni mimi. Nilikiweka chetezo dirishani ili akohoe. Nilimwonea wivu. Nisamehe, Nasrin."

Nasrin alimkodolea macho. "Ningepoteza sauti mbele za watu wote, Sumaia!" Akafuta machozi. "Haya. Nimekusamehe. Lakini usirudie."

Mwalimu Mwanaharusi alivuta pumzi.

"Wageni wamemchagua Nasrin. Wewe pia utakwenda Palma, Sumaia, na utaitikia nyuma yake. Kwa sasa usipige kelele, kunywa maji, na ukipona utaipasha moto sauti yako kabla ya kuimba, sawa na wenzako. Nawe ujue jambo moja. Nasrin hakukunyang'anya kitu. Angekuja au asingekuja, sauti yako ingekuwa ile ile. Wivu ndio uliokunyang'anya, na umeanza na wewe kabla ya kumfikia yeye. Umenielewa?"

Sumaia aliitikia kwa kichwa, maana sauti ya kujibia hakuwa nayo.