Jina Ambalo Tumpe Hakutaka Kuliandika

"Tumpe! Hapa mbele mbona patupu?"

"Hapo linakaa jina la lodge, bosi."

"Sasa si uliweke?"

"Utaliweka wewe."

"Niliweke mimi? Mdizaini hapa ni nani, mimi au wewe?"

"Ni mimi. Lakini jina utaandika wewe."

Nirav alivua miwani, akamtazama. Duka lake la uchapaji lipo Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, alilirithi kwa baba yake, na vituko vya wafanyakazi ameviona vingi, ila hiki kilikuwa kipya. Kipeperushi chenyewe kilikuwa kizuri, acha utani. Cha kukunja mara tatu, karatasi ya kung'aa, picha za vyumba, bafu lenye maji ya moto, uwanja wa kuegesha malori. Lakini kila palipotakiwa jina la biashara, Tumpe alikuwa amejaza nukta.

"Dada, lodge inaitwa Andendekisye. Mwenyewe Mnyakyusa, wewe Mnyakyusa. Halafu mimi Mhindi ndiye niandike?"

Tumpe aliziba masikio. Sikuongezei chumvi, aliziba kwa mikono miwili.

"Usilitaje mbele yangu, bosi!"

"Kwani ni tusi?"

"Ni jina la baba mkwe wangu."

"Heee! Umeolewa lini wewe?"

"Bado. Lakini mwanawe ni wangu. Kwetu mwanamke halitaji jina la baba mkwe, na akimwona anakuja, anajificha wasikutane uso kwa uso. Wa mjini wengi wameacha. Mimi nimelelewa na bibi kule Tukuyu, sijaacha."

"Na huyo baba mkwe anajua kwamba yeye ni baba mkwe?"

Nirav alikuwa amegusa palepale panapouma.

Maana huyo kijana, Asukile, jamani! Anasimamia hiyo lodge ya baba yake kule Ipogolo, Iringa, chini barabarani. Mtanashati, mdomo wake asali. Alikwenda mwenyewe mpaka Tukuyu, akala ndizi za bibi, akaapa kwamba Tumpe ndiye mke wake. Bibi akamwambia mjukuu wake, "Ukishamkubali mwana, umemkubali na baba. Anza kumheshimu leo." Na Tumpe akaanza siku hiyo. Lakini kwa baba yake, Asukile alikuwa bubu. Mzee na rafiki yake wa Iringa, Mzee Kalinga, walishakubaliana waozeshane watoto, na Asukile hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Hata kazi ya kipeperushi aliipeleka kwa Nirav akimwambia baba tu kwamba kuna dada mmoja fundi sana.

Mchana ule Tumpe alimpigia.

"Asukile, umemwambia baba?"

"Mpenzi, vumilia kidogo. Kipeperushi kikitoka atafurahi, hapo hapo namwambia aliyekitengeneza ndiye mkwe wake."

"Kila siku unasubiri kitu. Ulisubiri lodge ifunguliwe, ukasubiri ipakwe rangi, sasa unasubiri karatasi."

"Ina maana huniamini?"

"Nakuamini. Ningekuwa sikuamini, ningeshaandika jina la baba yako nikamaliza kazi ya watu."

Asukile akacheka. Alidhani ni utani.

Basi Nirav akaketi mwenyewe kwenye kompyuta, akajaza jina. Tumpe alikuwa amegeukia ukutani, hakutaka hata kulisoma. Sampuli ikarushwa WhatsApp kwa mzee. Jibu lilirudi kabla Nirav hajamaliza chai yake:

"HUYU ANDEKENDISYE NI NANI? LODGE NI YANGU. NAKUJA MBEYA."

"Mungu wangu, nimekosea wapi?" Nirav akalia. "Tumpe, hebu angalia!"

"Siangalii, bosi."

Kesho yake gari lilisimama mlangoni. Mzee Andendekisye akashuka na koti lake zito, mwanawe nyuma. Tumpe aliisikia sauti tu, "Hodi humu!" akaacha mkasi mezani, akaingia stoo ya karatasi, akavuta pazia.

"Karibu mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nani aliyechezea jina langu?"

"Ni mimi mzee, herufi zilinichanganya, unisamehe."

"Niliambiwa fundi ni binti."

"Binti katengeneza yote. Jina tu ndiyo nimeandika mimi."

"Kwa nini? Hajui kuandika?"

"Anajua sana."

"Kabila gani?"

"Mnyakyusa."

"Mnyakyusa ashindwe na jina la Kinyakyusa? Mwite hapa!"

Asukile alikuwa anamkonyeza Nirav mpaka jicho linatoka maji. Lakini Nirav yule, ukimuuliza kitu anakujibu.

"Hajashindwa mzee. Alisema kwao hatakiwi kulitaja. Na sasa hivi kakusikia, kakimbilia stoo."

Mzee, aliyekuja amefura, aliketi taratibu kwenye kiti cha wateja. Akalitazama lile pazia. Hasira ilikuwa imemtoka.

"Binti wa Kinyakyusa halitaji jina langu," alisema polepole. "Na ananikimbia."

Akageuka.

"Gwe, wewe Asukile. Mimi mtoto wa kiume ninaye mmoja tu. Huyu binti ni nani?"

Ndugu yangu, mlango ulikuwa wazi! Baba mwenyewe kaufungua, kabaki kungoja mtu apite. Nyuma ya pazia Tumpe alikuwa ametega sikio. Sema, Asukile. Sema tu.

"Ni... ni fundi tu, baba. Fundi wa brosha."

Tumpe aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi, akafungua pazia. Hakuinamisha kichwa wala hakupita pembeni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mzee, akamtazama usoni.

"Shikamoo, Mzee Andendekisye."

"Tumpe, usifanye hivyo!" Asukile aliruka.

"Nimefanya nini? Fundi anamsalimia mteja."

Akaketi kwenye kompyuta. Akafuta jina alilokosea Nirav, akaanza kuandika huku anataja herufi moja moja kwa sauti.

"Haya. Hebu sogea uone, Mzee Andendekisye. Herufi zimekaa sawa?"

Mzee aliisogelea kompyuta. Binti aliyekuwa akimkimbia kama mkwe sasa alimwita kama mteja yeyote. Lakini hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Zimekaa sawa, mwanangu."

"Tumpe, naomba tutoke nje tuongee," Asukile alisema.

"Ongea hapahapa."

"Nilishtuka. Sikujiandaa."

"Mimi nilishindwa kutaja jina la baba yako kwa sababu ya heshima. Wewe umeshindwa kutaja la kwangu kwa sababu ya woga. Hatufanani, Asukile. Usiniweke kwenye kapu lako."

"Baba, nimekosea!" Kijana alimgeukia mzee. "Huyu ni mchumba wangu. Kwao nimefika, bibi yake ananijua. Nilikuogopa wewe na Mzee Kalinga."

"Kalinga ni rafiki yangu, nitaongea naye mwenyewe," mzee alisema akiinuka. "Lakini kwa huyu siwezi kukusemea. Umemkana anakusikia."

"Tumpe..."

"Nina kazi, kaka. Kipeperushi cha mteja kinasubiri mashine."

Kaka! Asukile alitoka akamfuata baba yake garini.

Vipeperushi vilichapwa, vikakunjwa, vikapakiwa kwenye basi la Iringa. Ujumbe wa Asukile ulimiminika asubuhi na jioni. "Nisamehe." "Sili." "Nipe nafasi moja." Tumpe alikuwa anausoma chumbani kwake Ilomba, analia, ananawa, anakwenda kazini. Alijibu mara moja tu:

"Mzigo wako umetumwa. Asante kwa kufanya biashara nasi."

"Wewe mkali!" Nirav alisema alipooneshwa. "Lakini unampenda bado."

"Nampenda sana, bosi. Kumpenda siyo shida. Mimi sitaki mwanaume wa kunipenda stoo."

Jumapili, Tumpe katoka kanisani, simu ikaita. Bibi.

"Tumpe, kuna nini kimetokea? Uwanjani kwangu pamejaa wanaume wa watu."

"Wanaume gani, bibi?"

"Wametoka Iringa. Wana mshenga, lakini mshenga wao hana kazi. Yule kijana wako kasimama mwenyewe mbele ya majirani wote, anapaza sauti. Kasema, 'Mimi Asukile nimekuja kumposa Tumpe. Nilimkana mbele ya baba yangu, nimekuja kumtaja mbele ya kila mtu.' Hata wale wa ng'ambo ya mto wamesikia."

Tumpe alikaa kwenye ngazi za kanisa. Watu walikuwa wanampita, wanamsalimia, haitikii.

"Na baba yake yupo?"

"Yupo. Kagoma kuingia. Kasimama kule barabarani na mwavuli, anatuma watu waje kuuliza kama wewe upo hapa nyumbani. Anasema hataki kukutana uso kwa uso na mkwe wake."

Tumpe akashika mdomo. Kicheko na kilio vilimjia pamoja.

"Bibi, lakini nilikwambia, mimi jina lake nilishalitaja. Nilimtazama usoni kabisa. Nilifanya makusudi."

"Hilo nimewaambia, sikutaka tuanze kwa uongo. Wakamfikishia."

"Akasemaje?"

"Kasema lile lilitajwa na fundi wa brosha. Mkwe wake bado hajalitaja."

Bibi akaendelea hapohapo.

"Haya niambie, nijibu nini? Mvua ya huku unaijua, watu wa watu wanalowa uwanjani."

Tumpe alifuta machozi, akasimama, akakung'uta sketi.

"Wakaribishe ndani, bibi, wote wapate chai. Baba mkwe mpelekee ya kwake kulekule barabarani, mwambie nipo Mbeya, aingie bila wasiwasi."

"Na kijana?"

"Asukile mwache anyeshewe kidogo."