Koja la Mbwa Mweusi

Haya yalimkuta rafiki yangu Hisila, mpiga picha wa mitaani huko Patan, siku ile ya sikukuu ya Tihar ambayo mbwa huvishwa makoja ya maua na kupakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso. Hisila alishachoshwa na maua. Alitaka mbwa wa mtaani kama alivyo siku zote. Basi alipomkuta mbwa mmoja mweusi penye kichochoro kinachopita chini ya nyumba, akamvua koja lake. Uzi ukakatika, akaufunga fundo, akalitundika kwenye msumari.

"Huna haya wewe?" alifoka bibi muuza mishumaa. "Ana siku moja tu kwa mwaka, nawe unamvua koja? Mrudishie!"

"Bibi, uza mishumaa yako, niache nifanye kazi."

Akapiga picha tatu. Mbwa hakubweka wala hakukimbia. Alimkazia macho tu.

Hisila akashika njia ya nyumbani kupitia kichochoroni. Nje ulikuwa mchana, ndani giza totoro. Akasikia kucha zikigonga mawe nyuma yake. Aliposimama, zikasimama. Kisha pumzi ya moto ikampiga shingoni, juu kuliko mbwa yeyote anavyoweza kufika. Akatimua mbio.

Mama yake alifungua mlango, akamtazama, akarudi nyuma.

"Nani kakuvisha hilo?"

Hisila akajishika shingo. Maua yalikuwa yamelowa, na vidole vyake vikakuta fundo alilolifunga mwenyewe. Akajipangusa paji la uso. Kiganja kikarudi chekundu.

"Leo wanavishwa mbwa tu," mama alisema, akamfungia nje.